Usinwambie Baba

Ngozi ilitandazwa juu ya meza ya kaunta, chumvi ikimwagika sakafuni, na askari watatu wa kituo cha polisi Ruangwa walisimama mbali nayo kana kwamba ingeweza kuinuka. Sajenti Makrina aliweka mkoba wake kwenye kiti, akainama, akaipapasa kwa dole gumba. Kisha akaigeuza upande wa pili.

"Nani ameileta?"

"Wananchi," alisema mkuu wa kituo, Inspekta Stefano. "Wameitoa chumbani kwa yule mtu. Zimo nyingine kwenye gunia."

"Na nani amesema ni ya binadamu?"

Stefano alinyoosha kidevu kuelekea dirishani. Nje watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Ulikuwa mwezi wa Juni, ufuta uko tayari, na mkulima wa Ruangwa haachi ufuta wake upukutike kwa jambo la kipuuzi. Ukimwona mjini asubuhi hiyo na panga mkononi, ujue hakuja kununua sukari.

Makrina alivuta ngozi kwenye mwanga. "Afande, binadamu ana chuchu mbili, tena kifuani. Hizi ziko huku chini, karibu na miguu ya nyuma. Na hapa palikuwa na mkia. Huyu ni mbuzi jike."

"Mimi najua ni mbuzi. Kawaambie wao."

"Hujawaambia?"

"Nimewaambia. Wakasema polisi tumeshakula."

Habari yenyewe ilikuwa fupi, na ndiyo maana ilikimbia. Eustace, mnunuzi wa ngozi kutoka Mbeya, alikuwa amepanga chumba cha gesti pale mjini kwa miezi miwili. Amna, binti wa Mzee Harithi wa Matambarale, hakuonekana tangu Jumamosi, na simu yake haikupatikana. Jumatano meseji moja ikaanza kuruka kutoka simu hadi simu. Jana, Alhamisi jioni, watu walimtoa Eustace gesti, wakakuta gunia la ngozi zilizotiwa chumvi, na kama difenda ya polisi isingekuwa inapita kwenda kujaza mafuta, leo wangekuwa wanazoa majivu yake. Makrina alikuwa ameisoma meseji hiyo mara tatu, kwa sababu alitumiwa na watu watatu, na mmoja wao alikuwa padri.

*TAHADHARI. Kuna watu 5 wa Mbeya wana gari jeupe wanachuna ngozi wasichana. Tayari mmoja wa Matambarale kachunwa akiwa hai. Watu wa Mbeya ndio kazi yao. Watumie watu 10 unaowapenda. Ukipuuza yatakukuta.*

Simu za mkononi zilikuwa bado ngeni Ruangwa mwaka ule wa 2008, na ugeni wake ndio uliozipa heshima. Maneno ambayo mtu angeyacheka yakitoka kinywani kwa jirani, aliyakubali yakitoka kwenye kioo. Na Mbeya tangu zamani ilikuwa na sifa yake ya uchunaji ngozi magazetini, kwa hiyo hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi.

"Baba wa msichana amesema wakitoka kwenye sala ya Ijumaa wanakuja kumchukua," alisema Stefano. "Nina askari sita. Nikimsafirisha kwenda Lindi, wameshaweka magogo barabarani. Difenda yenyewe ni moja."

"Basi niachie mtuhumiwa kidogo, halafu unipe hiyo difenda."

"Nikikupa difenda nabaki na nini?"

"Unabaki na mlango, afande. Ni wa chuma."

Stefano alikuwa mtu wa Mara, na alijua pale mtaani walivyosema kuhusu watu wa Mara: kwamba wanalala na panga chini ya mto. Alilichukia jambo hilo. Hata hivyo, tangu aingie kituoni asubuhi hiyo Makrina hakumsikia akisema kwa sauti kwamba Eustace hana hatia, na hilo lilimkera.

Eustace alikuwa amekaa ukutani ndani ya mahabusu, kiatu kimoja mguuni, sikio la kushoto limevimba. Alipoona mlango unafunguka alijikunja. Makrina aliketi kwenye ndoo iliyofunikwa, usawa wa macho yake.

"Mimi ni Sajenti Makrina, wa upelelezi. Unamfahamu Amna binti Harithi?"

"Simfahamu."

"Hujawahi kumwona?"

"Mimi nanunua ngozi, mama. Nawafahamu wenye mabucha."

"Mke wako yuko wapi?"

"Mbeya. Na binti yetu."

"Tangu umekuja huku hujaenda kuwaona?"

"Sijaenda."

Makrina alinyoosha kidole kwenye shati lake. Lilikuwa shati la bluu lililochanika begani, lakini kifungo cha pili kutoka juu kilikuwa kimekazwa kwa uzi wa pinki, mizunguko mingi, na fundo dogo safi upande wa ndani.

"Hiki nani alikishona?"

"Mwenyewe."

"Una uzi wa pinki chumbani kwako?"

Eustace alikifunika kifungo kwa kiganja.

"Wamepekua chumba chako mpaka godoro, bwana Eustace. Wameleta kisu, wameleta chumvi, wameleta mpaka mswaki wako. Sindano hawakuleta."

Mwanaume yule alifunika uso kwa viganja, akaongea humo humo ndani. "Nina mke, afande. Nikisema namjua, watasema ndiye niliyemchinja. Nikisema simjui, mnasema mwongo. Ningesema nini?"

"Ungesema kweli. Inachosha kidogo mwanzoni, basi."

Alisema. Amna alikuwa rafiki yake tangu mwezi wa nne. Alimnunulia simu, akamnunulia viatu, nguo, vitenge, na mwisho cherehani, ile ya kukanyaga kwa miguu, kwa kuwa alitaka kujifunza ushonaji. Jumamosi Amna alipakia cherehani kwenye basi, akamwambia anaipeleka kwa shangazi, na tangu hapo hakupokea simu, mpaka Jumanne akaizima kabisa.

"Nilijua amenikimbia," alisema Eustace. "Nikaona aibu, nikanyamaza. Kumbe ningepiga kelele."

"Shangazi huyo anakaa wapi?"

"Hakusema. Na mimi sikuuliza. Ukipenda huulizi." Alimtazama Makrina kwa mara ya kwanza. "Watanichoma?"

Makrina hakupenda kuahidi asichokuwa nacho. Alisema tu kwamba sala ilikuwa bado, akatoka.

Nje aliwaendea watu pasipo kirungu. Mzee Harithi alikuwa mbele, amevaa kanzu na kofia ya kufuma, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Makrina alimwamkia kwa adabu zote, kisha akauliza habari za nyumbani kabla ya kuuliza jambo lolote lingine. Mtu anayeomboleza hupewa kwanza salamu yake.

"Mzee wangu, nani alikuletea habari?"

"Saleh. Jirani yangu."

"Na nyie wengine? Naombeni simu zenu. Kila mtu anionyeshe alichotumiwa na aliyemtumia. Siichukui simu ya mtu. Nasoma, narudisha."

Walinung'unika, lakini mtu akiombwa ushahidi hujiona ni shahidi, na shahidi ana cheo. Simu zikaanza kupita mikononi. Makrina alisoma akirudi nyuma, kutoka zile za jana kwenda zile za Jumatano. Meseji zilikuwa moja, ila kila mkono ulikuwa umetia chumvi yake. Gari jeupe lilikuwemo kwenye zote za Alhamisi. Za Jumatano halikuwemo. Aliuliza ni gari gani jeupe lilipita Alhamisi asubuhi, mama mmoja akajibu pasipo kufikiri kwamba lilikuwa la chanjo. Wale watu watano walikuwa watatu kabla ya Jumatano jioni, na kabla ya hapo alikuwa mtu mmoja tu. Mbeya peke yake ndiyo haikubadilika, tangu mwisho hadi mwanzo.

Ya mwanzo kabisa iliyotajwa ilitoka kwa mwalimu mmoja wa Matambarale, Mwalimu Doris, aliyehamishiwa huko kutoka Bukoba. Na alipouliza mwalimu alipata wapi, Mzee Harithi akamvuta Saleh mbele kwa kiwiko.

Saleh alikuwa mzee wa makamo, mfupi, na Kiswahili chake kilitembea kwa tahadhari kama mtu anayevuka mto. "Mie kusoma sijui sana, afande. Simu hii yangu, lakini meseji si yangu. Ilikuja ya Fatu, shemeji yangu, shoga yake Amna. Fatu hana simu. Mie nikaona imeingia, Fatu yuko shamba, nikasema labda ni nsiba. Nikampelekea nwalimu anisomee."

"Akakusomea nini?"

"Akasema, baba, ntoto anachunwa." Saleh alimtazama Harithi. "Nikaenda kunwambia Harithi. Ningefanyaje?"

"Meseji umeifuta?"

"Kufuta sijui."

Makrina alimshukuru Mungu kwa hilo. Aliiazima simu, akaingia nayo ndani, akatafuta. Ilikuwepo, imetoka kwenye namba ya Amna, Jumanne jioni.

*FATU YULE WA MBEYA NANCHUNA MPAKA NGOZI. USINWAMBIE BABA. NAZIMA SIMU*

Aliisoma kwa macho, kisha kwa sauti, kisha akaisoma tena polepole kama ambavyo mama yake angeisoma. Halafu akampigia Mwalimu Doris kwa simu ya kituo.

"Mwalimu, ile meseji ya Saleh, wewe ulisoma nini?"

"Nilisoma kilichoandikwa, afande. *Ananichuna mpaka ngozi*. Msichana kasahau *a* mwanzoni. Hawa watu wa huku ndivyo wanavyoandika, nasahihisha madaftari yao kila siku. Nikaona Mbeya, nikajua. Nikawatahadharisha walimu wenzangu. Nimekosea?"

"Nitakueleza, mwalimu. Usitume kitu kingine."

Stefano alikuwa amesimama nyuma yake, na Fidel dereva mlangoni. Makrina aliweka simu mezani, pembeni ya ngozi.

"Soma, afande."

"Nan'chuna. Ananichuna. Mwalimu yuko sawa."

"Hiyo *n* umeisoma *ni*. Haya, soma na hii ya pili kwa mtindo huohuo."

"Usini... usiniwambie baba." Stefano alikunja uso. "Haina maana."

"Haina. Sasa isome kama mtu wa Matambarale. Umemsikia Saleh hapo nje? *Nsiba. Nwalimu. Ntoto.* Mama yangu Newala hajasema *mtu* tangu azaliwe, anasema *ntu*. Mimi mwenyewe chuo cha polisi walinicheka mpaka nikajirekebisha. Aliyejifunza kuandika kwa sikio anaandika anavyotamka. *Usinwambie* ni *usimwambie*. Na kama ile ni *m*, hii nayo ni *m*."

"Namchuna," alisema Stefano polepole.

"Namchuna. Anayechunwa ni Eustace."

Fidel aliangua kicheko, akajiziba mdomo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Kwa lugha ya vijana wa Dar, iliyofika mpaka mashambani kwa redio, msichana anayemla mwanaume zawadi mpaka akakauka amemchuna buzi. Na huyu buzi alikuwa mnunuzi wa ngozi. Amna alijua kutania.

"Basi katangaze hapo nje," alisema Stefano.

"Nikatangaze tofauti ya *m* na *n* kwa watu wenye mapanga? Wanamtaka binti, afande. Nitawaletea binti."

"Utampata wapi?"

"Cherehani ya miguu haifichwi uvunguni. Kijijini baba yake angeiona. Hapa mjini Eustace angeiona. Lindi ni mbali, mzigo ule ungemsumbua. Imebaki Nachingwea."

Waliondoka kwa njia ya nyuma. Fidel aliendesha kama mtu anayegombana na barabara, vumbi jekundu likiingia hata kwenye madirisha yaliyofungwa, na Makrina akashikilia kiti na kuhesabu vijiji. Alikuwa na wasiwasi. Alichokuwa nacho mkononi ni herufi moja na uzi wa pinki, na kwa vitu hivyo alikuwa amemwachia Stefano askari sita na mlango.

Nachingwea mafundi cherehani hukaa kwenye baraza za maduka ya vitambaa, karibu na soko. Makrina alipita akiuliza fundi mpya. Fundi wa kwanza alimwelekeza kwa kijana mmoja wa Masasi. Walipoteza muda kwa huyo kijana. Fundi wa pili, mwanamke mnene mwenye tepu shingoni, alipoulizwa habari za msichana aliyekuja na cherehani yake mwenyewe, alimwangalia Makrina toka viatu hadi kichwa.

"Kuna mmoja anajifunza kwangu. Ana nini?"

"Hana kitu. Baba yake anamlilia."

Msichana alikuwa ndani zaidi, nyuma ya majora ya kitenge, anakanyaga. Alikuwa amenyoa nywele zote kama asiyetaka kutambuliwa, kichwa kinang'aa, na kwenye sindano ulikuwa umepita uzi wa pinki.

"Amna."

Mguu ulisimama. "Nani kakutuma? Baba au yule?"

"Hakuna aliyenituma. Wewe umekufa tangu Jumatano."

Amna alicheka, kisha akaona uso wa Makrina, akaacha. Makrina alimpa simu yake asome ile tahadhari. Msichana aliitazama mistari miwili, akairudisha.

"Hii ninayo. Wa hapa sokoni wamenitumia kwenye laini mpya."

"Ukafanya nini?"

"Nikawatumia watu." Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza kwamba amefagia. "Si imeandikwa ukipuuza itakukuta? Mie nikaogopa. Matambarale ni kwetu. Nikasema, jamani, ni ntoto wa nani huyo?"

"Ni wewe."

Amna alifungua mdomo.

"Imetoka kwenye meseji yako ya Jumanne, kwa Fatu. *Nanchuna mpaka ngozi*. Mwalimu kasoma unachunwa wewe."

"Mie?"

"Wewe. Na Eustace yuko mahabusu, sikio limevimba, na wakitoka msikitini wanamchoma." Makrina alivuta pumzi, kwa maana hasira ilikuwa imempanda na hakutaka impeleke. "Niambie kitu kimoja. Uliposoma kuwa watu wa Mbeya wanachuna ngozi, hukumkumbuka yeye? Miezi miwili umekula mkononi mwake. Hukusema, hapana, mimi mmoja namjua?"

Msichana aliangalia sindano. "Nilinkumbuka. Nikasema, kumbe. Kumbe ndiyo maana ananunua ngozi. Nikasema Mungu kaniokoa." Machozi yalianza kumtoka. "Alikuwa ntu nzuri, afande. Hajawahi hata kunifokea."

Makrina alimwambia avae viatu.

Njiani kurudi Amna alilia mpaka Fidel akafungua redio, akaizima tena. Karibu na mji, aliposikia sauti za watu, alimshika Makrina mkono. "Baba asijue habari za zawadi. Nakuomba, mama. Atasema nimejiuza. Usinwambie."

"Nitasema ulikuwa unajifunza ushonaji."

"Na ndiyo kweli."

"Ndiyo kweli. Ni nusu yake, na leo itatosha."

Sala ilikuwa imekwisha. Watu walikuwa wamefika hadi kwenye ngazi za kituo, na tairi la kwanza lilikuwa limeshawekwa uani. Stefano alisimama mlangoni, mikono imepanuliwa, ameshika fremu huku na huku. Hakuwa na bunduki. Difenda ilipoingia, Makrina alimwona akifumba macho kidogo.

Fidel alisimamisha gari katikati ya umati. Makrina alishuka, akamshusha Amna kwa mkono, na mapanga yakashuka. Aliamini yamekwisha. Watu walikuwa wanamwona kwa macho yao, mzima, viatu miguuni.

Halafu mtu mmoja akasema kutoka nyuma, "Mbona kanyolewa?"

"Si yeye huyo."

"Ni yeye, lakini siye. Mtazameni macho."

"Nsukule!"

Neno lilisambaa kama moto kwenye majani makavu. Msukule: mtu aliyekufa akarudishwa kichawi, mwili upo na mwenyewe hayupo. Waliokuwa karibu walirudi nyuma, wakakanyagana. Mama mmoja aliziba macho ya mwanawe. Makrina alikuwa ameleta msichana hai kama ushahidi, na ushahidi ulikuwa umegeuzwa kosa jingine la Eustace.

"Mzee Harithi!" aliita. "Njoo umtazame mwanao!"

Mzee alikuja. Alikuja hatua chache, akasimama mbali, umbali wa mtu anayeogopa kuambukizwa. Mikono yake ilitaka kwenda na haikwenda. Amna alisema "Baba," na Harithi akashtuka kwa sauti hiyo, lakini bado hakusogea. Wanasema msukule hukatwa ulimi. Kuna wanaosema pia kwamba wengine hutoa sauti.

"Nwanangu," alisema mzee. "Kama ni wewe. Toa ulimi."

Amna aliwatazama watu wote wale: majirani, walionunua mihogo kwa mama yake, waliocheza naye utotoni. Akafunga macho, akatoa ulimi mbele yao, msichana mkubwa, kichwa kimenyolewa. Ulikuwa mzima. Ulikuwa mwekundu kwa juisi aliyonunuliwa njiani. Harithi alisogea, akautazama kwa karibu kama mtu anavyotazama jicho la mgonjwa, kisha akamvuta kichwa mpaka kifuani kwake na kulia kwa sauti, na akina mama wakapokea kwa vigelegele.

Makrina alitangaza habari za ushonaji. Hakuna aliyeonekana kusikiliza. Watu walianza kuondoka mmoja mmoja, bila kuaga, bila kumtazama mwenzake, wakikumbuka ufuta wao. Hakuna aliyesema samahani. Aliyeleta tairi alilibeba begani akaondoka nalo, kwa sababu lilikuwa zima bado.

Ndani, Makrina alimfungulia Eustace mlango. Alimpa mkanda wake, kiatu alichookota Fidel gesti, na simu yake iliyokuwa kwenye droo ya vielelezo. Alimwambia kwamba Amna yuko hai, yuko kwa baba yake. Kwamba gunia lake litapakiwa. Kwamba yeye na Fidel watamfikisha Nachingwea jioni hiyohiyo, akapande basi la alfajiri.

"Yuko hai," alirudia Eustace. Alilia kidogo, akacheka kidogo. "Asante, mama. Mungu akubariki. Umenirudisha duniani."

Akawasha simu. Ilitetemeka mkononi mwake mara kadhaa mfululizo, meseji za siku mbili zikiingia. Alisoma ya juu. Akaisoma tena. Furaha ilimtoka usoni taratibu, naye akamwelekezea Makrina kioo.

*Baba Lusiana upo? Huku kuna meseji mbaya. Wamakonde wa huko Ruangwa wanachuna ngozi wageni wa Mbeya wanapeleka Msumbiji. Wana gari la polisi. Usipande gari lao. Rudi nyumbani. Watumie wenzako wote.*

Makrina alitabasamu, akitegemea kwamba naye angetabasamu. Kama kulikuwa na mtu mmoja wilaya nzima ambaye angeweza kuicheka meseji hiyo, ni huyu.

Eustace hakucheka. Alikuwa anatazama uani, kwenye difenda, ambako Fidel alikuwa akifuta vumbi kwenye kioo.

"Samahani kuuliza, afande. Wewe kwenu ni wapi?"

"Newala," alisema, kisha akakumbuka kwamba Newala ni kwa Wamakonde.

Alitikisa kichwa kukubali. "Na dereva?"

"Masasi. Bwana Eustace, ni meseji ileile. Imebadilishwa majina tu."

"Najua." Aliizima simu. "Najua ni ileile. Lakini mke wangu hawezi kuitunga." Alirudi nyuma mpaka kisigino kikagusa ukuta. "Inspekta si mtu wa huku, eti?"

"Ni mtu wa Mara."

"Basi nitamngoja yeye anipeleke."

"Inspekta hawezi kutoka kituoni leo. Labda kesho."

"Kesho si mbali."

Iliuma. Makrina alikuwa ametukanwa na wahalifu, amepigwa mawe, amechekwa kwa matamshi yake, na hakuna lililouma hivi. Alitafuta neno la kumwambia, la Kiswahili safi lisilo na kasoro, asilipate.

Eustace alikaa chini palepale alipokuwa asubuhi, akakumbatia magoti.

"Funga mlango, mama," alisema kwa upole. "Na ufunguo mpe Inspekta."

Makrina alifunga, akauvuta mlango kidogo kuhakikisha umeshika, akaenda kumtafuta Stefano.